Babu alikuwa mjumbe wa baraza Usukuma: alichaguliwa na nani, na angeweza kukataa nini?

Swali la msomaji: "Babu yangu mzaa baba alikuwa mjumbe wa baraza huko Kwimba. Tuna barua mbili. Ya kwanza, ya 1951, inamwita kikaoni Ngudu. Ya pili, ya 1957, inamtaja tena kuwa mjumbe. Shangazi zangu wanasema alichaguliwa na watu wa gunguli lake, yaani eneo dogo lililo chini ya mwanangwa. Mjomba anasema mkoloni hakuruhusu uchaguzi wowote, kwa hiyo alikuwa mtu wa mtemi, chifu wa Kisukuma, tu. Nani anasema kweli? Na baraza lile lilikuwa na madaraka gani hasa?"

Ndugu msomaji, shangazi zako na mjomba wako wanaweza kuwa wanasema kweli wote, kwa sababu kila upande unajibu swali lake. Shangazi wanaeleza jinsi babu alivyopata kiti. Mjomba anaeleza kiti chenyewe kilikuwa chini ya nani. Serikali za mitaa za Tanganyika wakati wa Waingereza zilikuwa hivyo: mtu angeweza kuchaguliwa na majirani zake kwa haki kabisa, kisha akaingia katika baraza ambalo haliwezi kutumia hata shilingi moja bila saini ya Bwana DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya Kiingereza. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama alichaguliwa. Uliza baraza lake lilikaa chini ya sheria gani, nani alipitisha makisio ya fedha, na wajumbe wangeweza kukataa jambo gani likakataliwa kweli.

Barua zako mbili zina thamani kubwa kwa sababu kati ya 1951 na 1957 sheria ilibadilika. Ya kwanza iliandikwa wakati mabaraza yote ya vijijini yakiwa chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Ya pili iliandikwa baada ya kupitishwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953. Hata hivyo, sheria ya 1953 haikufuta ile ya 1926 kwa siku moja. Iliingia wilaya moja moja, kila baraza likiundwa kwa hati yake. Mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni, wilaya nyingi bado zilikuwa chini ya utaratibu wa zamani, ingawa makaratasi yao yalikwisha kuanza kutumia jina la "baraza la wilaya". Jina lililo juu ya barua peke yake lisikudanganye.

Tuanze na sheria ya 1926. Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika mwaka 1925 akitoka Nijeria, ambako Waingereza walikuwa wakitawala kwa kupitia watawala wa jadi. Pwani na sehemu nyingi za kusini Wajerumani walikuwa wameweka maakida na majumbe, watu wa kuteuliwa ambao mara nyingi hawakuwa wenyeji wa eneo. Cameron alitaka kila wilaya itafute mtawala wake wa asili. Usukuma hakukuwa na taabu ya kutafuta, maana batemi (ndio watemi, kwa Kisukuma) walikuwepo na Wajerumani walikuwa wamewaacha wakaendelea chini ya amri zao. Kwingine, kama Umakonde, ambako hakukuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima, maofisa walilazimika kuunda ngazi ambazo wenyeji hawakuzijua.

Sheria hiyo ilimpa gavana uwezo wa kutangaza mamlaka ya wenyeji kwa namna tatu: chifu peke yake, chifu pamoja na baraza lake, au baraza peke yake bila chifu. Tofauti hii ni ya msingi kwa kesi yako. Palipotangazwa chifu peke yake, baraza lolote lililokaa naye lilikuwa la kumshauri tu. Uamuzi ulikuwa wake mbele ya sheria, na lawama pia. Palipotangazwa chifu na baraza, wajumbe walikuwa sehemu ya mamlaka. Ukipata tangazo la gazeti la serikali lililoanzisha mamlaka ya eneo la babu yako, soma mstari huo kwanza kabla ya kitu kingine.

Mamlaka ikishatangazwa, iliweza kutoa amri katika mambo yaliyotajwa na sheria: kutengeneza na kunywa pombe, kubeba silaha, kucheza kamari, kukata miti, kuchafua maji, kuzuia magonjwa ya kuambukiza, kulima chakula ili kuzuia njaa, na mengine ya namna hiyo. DC aliweza kuitaka mamlaka itoe amri fulani, na ikisita, aliweza kuitoa mwenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ya miaka yote iliyofuata. Amri ilimfikia mkulima kwa mdomo wa mtemi, ikiwa na jina la mtemi, hata kama iliandikwa bomani. Mwananchi hakuwa na njia ya kujua ipi ni ya mtemi na ipi ni ya DC, na mtemi hakuwa na njia ya kusema hadharani.

Fedha zilipita kwenye hazina ya wenyeji. Zamani mtemi aliishi kwa hongo (wakati ule, malipo ya wapitao katika nchi yake, si rushwa), ushuru na kazi za watu wake. Sasa hayo yalikomeshwa au kugeuzwa fedha, naye akalipwa mshahara. Hazina ilipata sehemu ya kodi ya nyumba na kichwa, ada na faini za mahakama, ushuru wa masoko na leseni za pombe. Ilitoa mishahara ya batemi, wanangwa (wakuu wa magunguli), makarani na matarishi, kisha kilichobaki kikaenda kwenye shule za msingi, zahanati, visima na barabara ndogo. Ukiona makisio ya hazina yoyote ya miaka ya 1930, utaona jinsi mishahara ilivyomeza fungu kubwa. Makisio hayo yaliandaliwa kwa mkono wa bomani na kupitishwa na PC, mkuu wa jimbo. Mjumbe aliyetaka zahanati kijijini kwake alikuwa anaomba fedha ambayo sehemu kubwa yake ilikwisha kuwa na mwenyewe.

Na mtemi huyohuyo alikuwa hakimu. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala, hivyo rufaa ilikwenda kwa DC, kisha PC, kisha gavana. Mtu aliyekataa amri ya mtemi alishtakiwa mbele ya mtemi, na rufaa yake ikasikilizwa na ofisa aliyeishauri amri ile. Sheria ya Mahakama za Mitaa ya 1951 ilianza kulegeza mkono huo, lakini kwa mkulima wa kawaida mabadiliko yalichelewa kuonekana.

Sasa, uwakilishi ulitoka wapi? Sikubaliani na maelezo kwamba ulikuwa zawadi ya London. Usukuma ulikuwa na mizizi yake. Mtemi hakujitawaza: banang'oma, wazee washauri wa utemi, ndio waliomchagua katika ukoo wa watemi, na walikuwa na sauti wakati utawala wake ulipoharibika. Huku chini, vijana na wakulima wa kijiji walikuwa na nsumba ntale wao, kiongozi wa kazi za pamoja, ambaye alishika nafasi kwa kukubaliwa na wenzake. Utawala wa 1926 ulimshika mtemi ukawaacha pembeni watu hawa. Matokeo yake, mtemi alikuwa na nguvu zaidi juu ya watu wake kuliko alivyokuwa kabla ya Wazungu, maana sasa aliyeweza kumwondoa ni serikali. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali aliyechunguza mila za Wasukuma, alikuwa miongoni mwa walioshughulika kurudisha sauti za chini katika mpangilio wa mabaraza.

Msukumo wa pili ulitoka kwa wananchi wenyewe, na mfano ulio wazi kuliko yote si wa Usukuma bali wa Upare. Machifu wa Pare walianzisha kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, iliyoitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu walikusanyika Same kwenye boma na kukaa pale wakidai iondolewe. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa chifu na watu wake kuwa ndio wanaopima utajiri wa kila mtu, bila mlipaji kuwa na mwakilishi. Mgogoro ulidumu hadi 1947, kodi ile ikaachwa, na wawakilishi wa raia wakaingizwa katika mabaraza ya Pare. Kila ninapoulizwa mabaraza ya kuchaguliwa yalianzia wapi Tanganyika, najibu kwamba yalianzia kwenye uwanja wa boma la Same kabla hayajaandikwa popote kwenye karatasi.

Msukumo wa tatu ndio ulitoka London. Februari 1947 Waziri wa Makoloni, Arthur Creech Jones, aliwaandikia magavana wa Afrika waraka ulioagiza serikali za mitaa ziwe za ufanisi, za kidemokrasia na za mahali penyewe. Waingereza walikuwa na sababu zao. Baada ya vita walitaka miradi mikubwa ya kilimo na afya, na waliona chifu peke yake hawezi kuibeba. Walitaka pia vijana waliosoma, makarani na walimu, wapate pa kusemea wilayani badala ya kugeukia siasa za nchi nzima. Sababu hii ya pili ilishindwa kabisa, kama tutakavyoona.

Usukuma uliingia katika mpango huo kwa njia yake. Mwaka 1946 batemi wa wilaya za Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita waliunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Mwanzoni lilikuwa baraza la batemi. Kisha, kuelekea 1950, likajengwa kwa ngazi kutoka chini: baraza la gunguli, baraza la utemi, baraza la wilaya, na juu kabisa baraza la shirikisho. Katika kila ngazi wakaingia wawakilishi wa raia kukaa pamoja na watu wa cheo.

Hapa ndipo babu yako anapoingia, na barua ya 1951 inakaa vizuri kabisa katika wakati huo. Kwa kawaida ya utaratibu huu, uchaguzi wa kweli ulifanyika ngazi ya chini tu. Watu wa gunguli waliitwa mkutanoni, majina yakatajwa, na watu wakanyoosha mikono au wakajipanga nyuma ya wanayemtaka. Hakukuwa na karatasi ya kura. Wajumbe wa gunguli kisha walichagua miongoni mwao wa kwenda baraza la utemi. Wa utemi wakachagua wa kwenda wilayani. Kama babu alifika kikao cha Ngudu, makao ya wilaya ya Kwimba, alikuwa amepita katika chujio hizo. Shangazi zako wana haki ya kusema alichaguliwa na watu.

Lakini angalia kilichoharibika njiani. Kura ya wazi, mbele ya mwanangwa na tarishi wa mtemi, haiko huru: anayesimama nyuma ya mtu asiyependwa na mtemi anaonekana, na kesho huenda akawa na kesi ya ng'ombe mbele ya mtemi huyo. Pili, kila ngazi ya juu ilipunguza wakorofi. Mtu mkali aliyependwa kijijini aliweza kuzuiwa kwenye utemi, ambako wanangwa walikaa kwenye viti bila kuchaguliwa na walikuwa na kura sawa naye. Tatu, mwenyekiti alikuwa mtemi, na ajenda iliandaliwa na karani anayelipwa na hazina. Mjumbe aliweza kuuliza. Kulifikisha jambo mezani kulihitaji kukubaliwa na hao wawili. Kwa hiyo mjomba naye ana hoja: mjumbe aliyefika wilayani alikuwa, kwa uchache, mtu ambaye mtemi hakumpinga vikali.

Na baraza lilifanya nini? Hapa pana jambo linaloumiza, na lazima lisemwe. Kazi kubwa iliyowekwa mezani kwa mabaraza ya Usukuma tangu 1947 ilikuwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliokusudia kuokoa udongo, kufungua maeneo mapya Geita, kuchimba malambo na kupunguza mifugo. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa ya maana. Malambo ya wakati ule yalisaidia watu na ng'ombe. Lakini mpango uliendeshwa kwa sheria ndogo: limeni kwa matuta, pandeni hiki kwa kiasi hiki, uzeni sehemu ya mifugo, lipeni kodi ya mifugo. Sheria hizo zilipitishwa kwa jina la mabaraza na kutekelezwa kwa faini katika mahakama za batemi. Wawakilishi walioletwa ili sauti ya wakulima ipande juu wakajikuta kazi yao ni kuteremsha amri chini. Katika mkutano wa gunguli mjumbe aliulizwa, "Uliikubali hii kwa niaba ya nani?" na hakuwa na jibu zuri.

Jambo hilohilo lilitokea Uluguru, ambako mwaka 1955 amri za kuchimba matuta ya ngazi milimani zilileta ghasia Matombo. Kila mahali chanzo kilikuwa kimoja. Baraza lilipewa jukumu la kuadhibu kabla ya kupewa uwezo wa kuamua. Baraza ambalo halijawahi kuonekana likikataa amri ya boma haliwezi kuaminiwa linapoikubali, hata amri ikiwa nzuri.

Wakulima wa pamba wakaona njia nyingine ya kuwakilishwa. Kwenye vituo vya kununulia pamba malalamiko yao makubwa yalikuwa mizani, na hapo baraza la mtemi halikuwasaidia. Vyama vya ushirika vikaweka watu wao wa kusimamia upimaji, na kutoka hapo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ukajengwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955. Katika chama cha ushirika mkulima alichagua kamati, akaona hesabu, akamfukuza katibu mwizi. Kwa wengi, hiyo ilikuwa shule ya uwakilishi kuliko baraza la wilaya. Kama babu yako alikuwa na kadi ya ushirika pia, hilo linasema mengi kuhusu upande aliosimama.

Tufike kwenye barua ya 1957. Sheria ya 1953 ilikuwa hatua kubwa kwa maandishi. Baraza lililoundwa chini yake lilikuwa na nafsi ya kisheria: liliweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo, kuajiri watumishi na kutoza kodi yake. Serikali ilifungua shule ya serikali za mitaa Mzumbe mwaka huohuo wa 1953 kufundisha watumishi, machifu na madiwani. Ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Mzumbe cha leo. Uliza nyumbani kama kuna cheti cha kozi ya huko.

Ila sheria hiyo ilikuja na mambo mawili yaliyoikata miguu. La kwanza ni Sheria ya Machifu wa Kiafrika ya 1953. Kwa kuwa baraza jipya lingechukua nafasi ya mamlaka ya wenyeji, chifu angepoteza uwezo wa kutoa amri. Sheria hii ya pili ikamrudishia. Kwa hiyo wilaya ikawa na baraza la kuchaguliwa upande mmoja na chifu mwenye amri zake upande wa pili. Mjumbe aliyeshinda hoja barazani aliweza kushindwa kesho yake na amri ya mtemi.

La pili ni mseto wa rangi. Gavana Edward Twining alishikilia kwamba Waafrika, Waasia na Wazungu wawe na viti katika mabaraza ya wilaya, kama ilivyokuwa katika Baraza la Kutunga Sheria, ambako mwaka 1955 wajumbe wasio wa serikali waligawanywa 10 kwa kila rangi. Katika wilaya ambayo Wazungu na Waasia walihesabika kwa urahisi, hesabu hiyo haikueleweka. Kwanza ilijaribiwa kwa baraza la kaunti, lililo juu ya wilaya kadhaa, la kusini-mashariki ya Ziwa Victoria, lililoanza 1955 makao yake Mwanza. Lilikuwa kubwa mno, mbali na watu, na bila kazi iliyo wazi kati ya serikali kuu juu na wilaya chini. Muongo haukuisha kabla halijavunjwa.

Kisha ikaja Geita, 1958. Serikali iliunda pale baraza la wilaya la mseto, na wananchi wakasema hawakuulizwa. Walikataa wajumbe wa kuteuliwa kwa rangi, na palepale wakafungua hesabu yote ya zamani: matuta, mifugo, kodi, batemi. Watu wengi walitembea hadi Mwanza kuonana na PC, wakapiga kambi, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Kumbuka kwamba TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954. Waliofikiri kukizuia chama kutaziacha siasa ndani ya mabaraza walipata jibu lao Geita. Baraza lile likafa, na mwaka huohuo Twining akaondoka, akaingia Richard Turnbull, serikali ikaacha kulazimisha mseto wilayani, na zuio la TANU likaondolewa.

Basi barua ya 1957 inaangukia katika kipindi kigumu kuliko vyote kwa mjumbe wa Usukuma. Kuwa mjumbe mwaka ule kunaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: mtu aliyebaki upande wa batemi wakati wajumbe wenzake walipoondoka, au mtu aliyebaki ndani makusudi ili apinge kutoka ndani. Barua ya mwaliko haiwezi kukuambia ni ipi. Mihutasari ya vikao inaweza.

Kwa kulinganisha, usidhani kila mahali machifu walikuwa upande mmoja na watu upande mwingine. Kilimanjaro wananchi walioungana katika Chama cha Raia wa Kichagga walidai mtawala mmoja wa Wachagga wote, wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, akasimikwa mwanzoni mwa 1952. Miaka michache baadaye wapinzani wake, Solomon Eliufoo akiwa mbele, walidai kiongozi anayechaguliwa kwa kipindi. Kura ya maoni ya 1960 ikaondoa umangi mkuu wa maisha na Eliufoo akawa rais wa baraza la Wachagga. Ndani ya miaka 9 watu walimweka mtawala kwa kura na kuibadili nafasi yake kwa kura. Nchi jirani nazo zilikuwa na njia zao: Kenya ilikuwa na mabaraza ya wenyeji tangu 1924, DC akiwa ndiye rais wa kikao, na machifu wake walikuwa watumishi wa serikali waziwazi, jambo lililowapunguzia wananchi utata wa kujua nani anamtumikia nani.

Sasa utafute nini. Nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ukiwa na mambo manne yameandikwa: jina la babu kwa tahajia zote zinazowezekana (makarani wa zamani waliandika Ng'w, Ngw na Mw kwa jina lilelile), gunguli lake, jina la utemi, na miaka yako miwili. Omba kitabu cha wilaya ya Kwimba, majalada ya mamlaka za wenyeji za Jimbo la Ziwa, na mihutasari ya mabaraza. Ukipata mhutasari wa kikao, usisome maamuzi kwanza. Soma orodha ya waliohudhuria: mara nyingi imepangwa kwa vyeo, na mahali jina la babu lilipo patakuonyesha kama alikaa kwa kiti cha raia au cha mwanangwa. Huo peke yake unaweza kumaliza ubishi wa nyumbani kwenu.

Kisha tazama nani anasema. Mahali panapoandikwa kwamba DC alieleza na baraza likakubali, jua jambo lilitoka bomani. Tafuta vipengele ambamo wajumbe wanauliza kuhusu posho za karani, faini, mizani ya pamba, idadi ya mifugo. Jambo likiahirishwa mara mbili au tatu mfululizo, hapo palikuwa na upinzani ambao karani hakutaka kuuandika. Linganisha makisio yaliyopendekezwa na yaliyopitishwa. Tofauti ya tarakimu kati ya hayo mawili ndiyo kipimo sahihi cha madaraka ya baraza. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, kama Mambo Leo la serikali, nayo yaliandika habari za mabaraza, ingawa kwa sauti ya kusifu.

Tarajia mapengo. Sheria ya machifu ilifutwa mwaka 1963 na wilaya zote zikawa na halmashauri. Halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Kila badiliko lilihamisha makabati ya majalada kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kwa hiyo ulizia pia ofisi ya halmashauri Ngudu kabla hujakata tamaa.

Mwisho, tafuta jina lake mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kila baada ya miaka mitatu ujumbe wa ukaguzi ulifika: 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Wananchi waliupelekea maombi ya maandishi, na mengi yalichapishwa pamoja na majina ya waliotia saini. Ndiyo njia ambayo Wameru walifikisha kesi yao ya ardhi hadi New York mwaka 1952 kwa mdomo wa Kirilo Japhet. Barua zako mbili zimeangukia miaka miwili ya ukaguzi. Ukikuta jina la babu chini ya ombi la watu wa Kwimba katika mojawapo ya miaka hiyo, utakuwa na maneno yake yasiyopitia kwa karani wa mtemi wala kwa DC, na utaweza kuyaweka mezani mbele ya mjomba.